Viazi vyetu katika nyumba ya maiti

Likasi, Alhamisi, mwezi wa saba, 1993

Baridi kavu. Asubuhi majani ya bondeni yalikuwa na sakitu, nyeupe kama mtu amenyunyiza unga. Kufika saa sita jua limechoma kama kawaida. Upepo unaleta vumbi la chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe, na vitenge nilivyoanika vimekauka vikiwa na pindo la kijivu.

Sijaandika humu tangu mvua zilipoisha. Mambo ya kuandika yalikuwepo. Mkono ndio haukutaka.

Yaya Kapinga, yaani dada mkubwa, ndivyo ninavyomwita, ameondoka leo. Treni imewapeleka Kasai, yeye, mume wake Mukendi na watoto wao. Nilisimama pale gare mpaka behewa la mwisho likapotea. Wanawake waliokuwa kando yangu walilia mpaka wakakaa chini. Mimi nilijifinya mkono kwa kucha, nione kama nitasikia maumivu.

Nilisikia kidogo.

Naandika yote leo, tangu mwanzo, kwa sababu naogopa nikingoja juma moja nitaona kama ni mambo niliyosimuliwa na mtu mwingine.

Kapinga na mimi tulifanya kazi katika labo ndogo ya kilimo, nyuma ya mashamba ya majaribio. Yeye alikuwa mkuu wetu, alisoma chuo cha kilimo. Mimi ni msaidizi, kazi nilifundishwa pale pale, na aliyenifundisha ni yeye. Tulikuza viazi, hivi vya Kizungu, ndani ya chupa. Unakata kipande cha mche usio na ugonjwa, kidogo kuliko ukucha, unakisimamisha juu ya chakula kinachoganda kama uji uliolala, unafunga mfuniko. Hakuna udongo, hakuna mdudu. Mche ukishakua unauongezea sukari na kuuficha gizani, nao unazaa viazi vidogo sana, ukubwa wa harage. Hivyo viazi vidogo ndiyo mbegu safi. Mji huu ulikula viazi vilivyoanzia kwenye chupa zetu, na watu wengi hawakujua.

Tatizo la viazi hivyo ni usingizi. Vikitoka chupani havioti. Unavipanda, unamwagilia, unangoja, vinakaa ardhini kimya mpaka vinaoza. Mara yangu ya kwanza nilidhani vimekufa, nikavibeba kwenda kuvitupa. Kapinga alinishika mkono mlangoni.

"Hazikufa, Zaina. Zinalala tu. Kata moja uone."

Nilikata. Ndani kulikuwa kubichi, maji yakanilowesha kidole.

Alinieleza siku hiyo, na baadaye alinieleza tena mara nyingi, kwa maana alipenda kueleza. Ndani ya kiazi mna homoni inayolaza. Kwenye vitabu inaitwa asidi absisiki. Ikiwa nyingi, jicho la kiazi halifunguki hata ukilibembeleza. Lakini ukikiweka kiazi baridini, baridi ya frigo, si ya barafu, homoni hiyo inapungua polepole, juma baada ya juma. Kisha unakirudisha kwenye joto. Hapo ile homoni nyingine, jiberelini, ile ya kuamsha, inapata nafasi yake, na jicho linatoa ncha nyeupe. Vya frigoni huamka pamoja, kama watoto wa nyumba moja. Vya mezani huamka kila kimoja kwa wakati wake, au haviamki.

Mashine ya kupima homoni hatukuwahi kuwa nayo. Kapinga hakupenda nisahau hilo. Alisema sisi tunaona mlango ukifunguka tu, hatuoni aliyeufungua, kwa hiyo tuseme kwa adabu.

Kulikuwa na njia ya haraka pia: unga wa jiberelini yenyewe. Unaloweka viazi katika maji yenye unga kidogo, vinaamka bila kungoja baridi. Tulikuwa na kichupa kimoja. Mwaka ule wa uporaji, wanajeshi walipoanza na watu wakafuata, labo yetu ilibebwa pia. Spiriti, sufuria za mvuke, taa, hata bawaba za kabati. Kichupa cha unga mtu alikifungua, labda alidhani ni dawa ya homa, akakimwaga. Tuliukuta sakafuni, na katikati yake alama ya kiatu.

Kapinga alicheka siku ile. Alisema, "Sasa sakafu njo itaota."

Tukabaki na baridi tu.

Halafu mwaka jana wenyeji wakaanza kuwafukuza watu wenye asili ya Kasai. Sitaandika mengi, kila aliye hapa anajua. Kapinga alizaliwa Likasi, Mukendi alizaliwa Likasi, lakini wazazi wao walitoka kule, na hilo likatosha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba wakiimba. Mukendi alifukuzwa kazi kwenye mgodi, na nyumba ikachukuliwa sahani zikiwa bado mezani. Pale labo mkurugenzi wetu alimwambia Kapinga asije "kwanza." Alisema akiangalia dirisha. Kapinga alivua koti lake jeupe, akalikunja, akanipa mimi, na akaniambia chupa za rafu ya chini zinahitaji kubadilishiwa chakula kabla ya Ijumaa.

Walikwenda gare, kama wengine wote. Watu walijaa pale hadi kwenye reli, wakilala chini ya plastiki na magunia, wakingoja treni ambayo ilikuja ilipotaka. Iliyokuja ilijaa kabla ya kusimama. Waliobaki walibaki. Mvua zikapita juu yao, baridi ikaingia.

Jumapili nilikuwa nawapelekea unga na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Kapinga alikuwa anauliza habari za chupa kabla hajaangalia kapu. Watoto wake walimcheka. Mama mkwe wake, Kaku Meta, alikuwa anasema, "Huyu akikufa tutamuzika na chupa." Kaku ni nyanya katika lugha yao, na sisi wote tulimwita hivyo. Alikuwa mwembamba, meno mawili, na sauti kubwa kuliko ya mtu yeyote pale.

Mwezi wa tano umeme wa labo ulikatika. Haukukatika wenyewe, waya uliibiwa usiku. Frigo yetu ikawa kabati. Na mimi nilikuwa nimetoka kuvuna viazi vya mwisho na kuvifunga katika chupa kavu, kreti mbili, mbegu zote zilizobaki. Chakula cha kukuzia kimekwisha, agari ya kukigandisha imekwisha, hakuna wa kuleta. Vikioza hivi, kazi yetu yote imekwisha.

Nilikimbia gare. Kapinga alikuwa anachemsha maji kwenye mkebe.

"Kule ndani joto iko namna gani?"

"Bati linapigwa jua toka asubuhi."

"Basi zitalala mpaka zioze. Tafuta frigo yenye haizimike, Zaina. Hata ya nani."

Nilitafuta. Kwa mwenye bucha, frigo ilikuwa na viatu vya watoto wake ndani. Kwenye depo ya bia mlinzi alidhani nimekuja kuomba bia, na nilipomweleza akacheka mpaka akaita wenzake. Nilipita mji mzima nikiuliza baridi kama mtu anayeuliza njia. Mwishoni nilifika hospitali. Huko kulikuwa na chumba kimoja cha baridi kilichokuwa bado kinafanya kazi.

Mlinzi wa morgue ni Papa Séverin. Ni mzee wa taratibu, huvaa kofia ya sufu hata mchana. Alizisoma kreti zangu kwa macho.

"Mama, hii ni nyumba ya bantu benye kufa. Weye unaniletea viazi?"

"Zinahitaji baridi tu, Papa. Chupa zimefungwa, hakuna kitu kinaingia wala kutoka."

"Zinanuka?"

"Hazinuke."

Alifikiri. Akaonyesha rafu ya juu kabisa. "Weka pale. Bale bako humu habakulaka viazi."

Nilipeleka na kipimajoto, nikakining'iniza kwenye kreti. Baridi ilikuwa ile ile aliyoitaka Kapinga. Nilipomwambia alipiga makofi, pale pale katikati ya gare, na watu wakageuka kuangalia nani amepata nafasi kwenye treni.

Kila juma nilikwenda kuangalia. Mwanzoni nilisimama mlangoni nikisoma dua kabla ya kuingia. Nilikuwa natembea nikiangalia miguu yangu. Siku moja nikagundua kwamba nimeingia, nimesoma kipimajoto, nimegeuza chupa, nimetoka, nikiwaza bei ya mafuta. Nilikuwa nimeingia kama mtu anavyoingia jikoni.

Hilo lilinitisha kuliko maiti.

Halafu hata hilo likaacha kunitisha.

Mwezi wa sita surua ilifika gare, na kuhara. Rafu za Papa Séverin zikaanza kujaa, na waliokuwa wanajaza hawakuhitaji nafasi kubwa. Hakuniambia nitoe kreti. Alizisogeza tu, kidogo kidogo, mpaka zikakaa ukingoni. Mimi nilisoma kipimajoto. Kilipanda kwa sababu mlango ulikuwa unafunguliwa mara nyingi. Nilimpelekea Kapinga habari hiyo, naye alijua maana yake.

Juma lililopita Kaku Meta alikufa. Alikaa kuota jua asubuhi, akaomba chai, walipoleta chai alikuwa amekwenda.

Siku hiyo hiyo habari zikaja kwamba treni imetoka upande wa Lubumbashi na inaweza kufika wakati wowote. Waliokufa gare walikuwa wanazikwa kwa haraka, pamoja, bila sanduku. Mukendi alisema mama yake hatazikwa hivyo. Seremala wa kanisa lao alikubali kupiga mbao, lakini sanduku lingekuwa tayari kesho yake. Kwa hiyo ilibidi Kaku alale mahali usiku mmoja.

Walimsukuma kwenye mkokoteni, tukatembea nyuma yake, Kapinga na mimi. Ulikuwa mchana mweupe. Watu sokoni walitupisha njia, halafu wakaendelea kuuza.

Papa Séverin alifungua mlango akatuonyesha.  Hakukuwa na rafu iliyo wazi.

Mukendi alibaki ameshika mpini wa mkokoteni. Ni mtu mkubwa, alifanya kazi chini ya ardhi miaka mingi, na sikuwahi kumwona hajui aweke wapi mikono yake. Kapinga aliinua macho akaangalia rafu ya juu. Nilimwona akiangalia.

"Yaya," nilisema, "baridi haijatosha."

"Minajua."

"Ulisema mpaka mwezi wa nane."

"Minajua vile nilisema. Toa."

Nilipanda kwenye kiti nikazishusha mwenyewe, kreti moja, halafu ya pili. Papa Séverin alipangusa rafu kwa kitambaa, akaipangusa tena. Wanaume wakamwinua Kaku. Hakuwa na uzito. Kapinga alipanda kwenye kiti akamnyooshea kitambaa cha kichwa, akakifunga vizuri kama mtu anayekwenda misa, akashuka. Tulipofika nje aliniuliza kipimajoto kilisoma ngapi. Nikamwambia. Alitikisa kichwa.

Hakuna aliyelia. Sijui tulikuwa tunangoja nani aanze.

Tulimzika kesho yake, ndani ya mbao zake. Mchungaji aliomba kwa Tshiluba na kwa Kiswahili, na mimi na ushungi wangu nikasema amina kila waliposema.

Kreti nilizileta kwangu. Kapinga alinielekeza: usiku nizitoe nje zipigwe baridi, mchana nizifukie kwenye shimo lenye kivuli na magunia yaliyoloweshwa. Baridi ya namna hiyo ni ya kupanda na kushuka, si ile iliyotulia ya frigo. Alisema ni afadhali kuliko bati. Nilifanya hivyo kila siku. Kutoa, kuingiza, kumwaga maji. Sikutumaini chochote. Nilifanya tu.

Leo asubuhi filimbi ya treni ilisikika hadi mtaani kwetu. Nilibeba kreti zote mbili kichwani na mkononi, nikafika gare nikihema. Watu walikuwa wanapandishwa, wanapandisha vitanda, cherehani, kuku. Mukendi alikuwa ameshika nafasi ndani ya behewa la mizigo, na watoto wamekaa juu ya mabunda. Kapinga alinivuta pembeni, nyuma ya kibanda. Alinawa mikono kwa sabuni, hadi kwenye viwiko, kama tunavyonawa labo. Akatandika kitambaa cheupe chini. Tukafungua chupa na kumimina.

Tulipiga magoti, vichwa vyetu karibu kugusana. Kiazi kimoja kilikuwa na ncha nyeupe. Sikuamini, nikakigeuza. Kapinga aliona cha pili kabla yangu, halafu cha tatu. Tulivichambua vyote pale, na kelele zote zile juu yetu. Sehemu ndogo ilikuwa imeamka. Sehemu kubwa ilikuwa imefunga kabisa, macho hayakuonyesha dalili.

"Nusu-nusu," alisema. "Baridi ilikuwa ya nusu, na zenyewe zimejibu nusu. Haziongope."

Akaanza kugawa. Vilivyoamka alivisukuma upande wangu. Vilivyolala akavikusanya upande wake. Nilidhani amekosea.

"Yaya, kule Kasai hakuna baridi. Hizi utazifanya nini?"

"Zile zenye kuota zitavunjika ncha ndani ya treni. Hizi hazina kitu cha kuvunjika." Alikuwa anavifunga kwenye kona ya kitenge, fundo juu ya fundo. "Na baridi si lazima, Zaina. Baridi inaharakisha. Homoni inapungua hata bila baridi, inakawia tu. Zitaota siku yao."

Mukendi alimwita. Alisimama, akapangusa magoti. Nilidhani atanikumbatia, nikanyoosha mikono, lakini alishika mikono yangu akaiangalia, kucha kwa kucha, kama alivyokuwa anaikagua kabla sijagusa chupa.

"Usimwagilie sana," alisema. "Weye unamwagiliaka sana."

Akapanda.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyarudia njia nzima, nikingoja yaniume.

Jioni hii nilikwenda bombani. Jirani yangu, Mama Chantal, alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Tunaazimana chumvi siku zote, hana ubaya. Alikuwa anacheka aliponiuliza.

"Ati Zaina, weye kwenu ni wapi kabisa?"

"Hapa."

"Hapa, njo. Lakini mbele ya hapa?"

Babu yangu alitoka Kasongo, mbali kaskazini, akifuata biashara ya nguo. Baba alizaliwa katika mtaa huu, na amezikwa katika mji huu. Sikumwambia. Ndoo ilikuwa imejaa, nikaibeba. Wanawake waliokuwa nyuma walikuwa wameacha kusogeza ndoo zao, na niliona kwamba walingoja jibu.

Nilipaswa kuogopa. Nimekaa hapa na taa yangu nikiutafuta woga na sijaupata bado. Labda uko njiani, kama machozi.

Viazi vilivyoamka haviwezi kulazwa tena. Hilo nalijua bila kumwuliza mtu. Ncha ikishatoka, ni udongo au ni kuoza, hakuna njia ya tatu. Mkurugenzi hajafika labo tangu mwezi jana na mashamba ya majaribio watu wameshajigawia na kupanda mihogo. Lakini chini bondeni, karibu na kijito, kuna kipande ambacho hakijachukuliwa. Udongo wake ni mweusi, na maji yako karibu.

Vikipandwa sasa vitakomaa mvua za kwanza zikianza. Nimejiuliza nitakuwa wapi wakati huo, na nimekaa na swali hilo mpaka chai ikapoa.

Kesho nitachukua jembe nishuke bondeni asubuhi, sakitu ikishayeyuka. Nitapanda vyote, bila kubakiza. Atakayekuwepo mvua zikija, avichimbe.